Shawa ya wati 7,500 kwenye waya wa milimita 4: kisa cha nyumba moja ya Njiro

Nyumba ninayoizungumzia iko Njiro, mjini Arusha, na mwenye nyumba ni mwalimu mstaafu anayeishi na mkewe, binti yao na wajukuu wawili. Niliitwa mwishoni mwa Julai kwa sababu swichi ya shawa ya umeme, iliyofungwa ukutani nje ya mlango wa bafu, ilikuwa imeanza kutoa harufu ya plastiki inayoungua, na uso wake mweupe ulikuwa umegeuka rangi ya chai ya maziwa. Nilizima swichi kubwa ya nyumba, nikahakikisha kwa kipimo kwamba nyaya hazina umeme, na kabla ya kufungua chochote nikaomba nisimuliwe mambo tangu mwanzo, kwa kuwa kasoro ya umeme mara nyingi huwa na historia, na historia hiyo wanayo watu wa nyumbani.

Kwa miaka mingi bafu hilo lilikuwa na shawa ya wati 5,500, na hakuna aliyelalamika. Mwaka uliotangulia walifunga pampu ndogo chini ya tangi kwa sababu maji yalikuwa yanatoka kwa unyonge. Baridi ilipoanza, maji ya shawa yakawa ya uvuguvugu tu, na kila mtu akaamini kwamba shawa imezeeka. Mwezi Juni walinunua nyingine yenye nguvu zaidi, ya wati 7,500, na fundi kijana wa jirani akaifunga kwenye nyaya zilezile. Hapo ndipo breka, ile swichi ya boksini inayojikata yenyewe mkondo ukizidi, ikaanza kukata. Haikukata kwa mtu wa kwanza wala wa pili, ila asubuhi ambayo watu watatu walioga mfululizo, wa tatu aliachwa na sabuni kichwani. Fundi akarudi, akaiondoa breka ya ampea 32 na kuweka ya ampea 40.

"Ikatulia kabisa," Mwalimu aliniambia. "Wiki tatu hakuna kilichokata, nikasema safari hii tumepata fundi."

Baada ya wiki hizo tatu ndipo harufu ikaanza.

Nilichokikuta kilikuwa hivi. Kutoka boksi la breka, lililo kwenye korido ya mbele, zilitoka nyaya moja moja za shaba za milimita 4 za mraba, zimepitishwa ndani ya bomba la plastiki la milimita 20 lililozikwa ukutani, kisha likapanda juu ya dari, chini ya bati, likatembea hadi upande wa bafu na kushuka tena ukutani. Urefu wote, nilipoupima, ulikuwa mita 24. Ndani ya bomba hilohilo zilipita pia nyaya za soketi za jikoni. Swichi ya shawa ilikuwa ya DP, yaani ile inayokata laivu (waya unaoleta umeme) na nyutro (waya unaourudisha) kwa pamoja, lakini mgongoni mwake iliandikwa ampea 20. Ganda la waya wa laivu lilikuwa limekauka na kuwa gumu kwa kiasi cha kiganja kimoja kutoka kwenye skrubu ya swichi, ingawa juu ya dari waya uleule ulikuwa bado laini. Kwenye boksi la breka, skrubu ya breka mpya haikuwa imekazwa sawasawa, na ubavuni mwa shimo lake palikuwa na alama nyeusi. Jambo la mwisho, na kwangu ndilo lililonishtua kuliko mengine, ni kwamba RCD iliyokuwamo ndani ya boksi hilo, yaani kifaa kinachokata umeme unapovuja kwenda ardhini, ilikuwa imerukwa kwa vipande viwili vya waya, ikabaki kama pambo.

Nianze na hesabu ya mkondo, kwa sababu hapo ndipo mafundi wengi wazuri wanapoteleza. Fundi kijana alinieleza kwa simu, kwa heshima na bila kuficha, kwamba alichukua wati 7,500 akazigawanya kwa volti 230 za TANESCO, akapata ampea 32.6, na kwa kuwa tofauti na 32 ilikuwa ndogo, akaona breka ya zamani inatosha. Hesabu ya kugawanya aliifanya sawa. Tatizo ni kwamba kibandiko cha shawa hiyo, kama cha shawa nyingi za aina hiyo zinazotengenezwa Brazili, kinasema wati 7,500 kwa volti 220. Shawa ni waya wa kupasha moto na hakuna zaidi, na kitu kilichojengwa namna hiyo hakina nguvu ya kudumu, ila kina ukinzani ambao karibu haubadiliki. Volti 220 zikizidishwa kwa zenyewe na kugawanywa kwa 7,500 zinatoa omu 6.45. Ukiweka volti 230 kwenye omu hizo utapata ampea 35.6. Kwa maneno mengine, volti ikipanda mkondo nao unapanda, wala haupungui kama hesabu ya haraka inavyodai. Shawa hiyohiyo ikipelekwa Nairobi, ambako umeme wa nyumbani ni volti 240, itavuta ampea 37.2 na kufanya kazi kama shawa ya wati 8,900 na zaidi kidogo, huku mnunuzi akiendelea kuamini kilichoandikwa kwenye boksi.

Ampea hizo 35.6 ndizo za kupangia kazi, lakini nyumbani kwa Mwalimu mkondo halisi ulikuwa pungufu kidogo, kwa sababu waya mwembamba wenyewe ulikuwa unakula sehemu ya volti. Nyaya za milimita 4 hupoteza milivolti 11 kwa kila ampea na kila mita ya njia, kwenda na kurudi, kwa hiyo mita 24 ni kama ukinzani wa omu 0.26 uliopachikwa kati ya boksi na bafu. Ukiujumlisha, mkondo unashuka hadi ampea 34 hivi, na kabla sijazima umeme nilikuwa nimeiwasha shawa kwa sekunde chache nikiwa na mita ya kubana waya, ikasoma 34. Maana yake ni kwamba kila mtu alipokuwa anaoga, wati zipatazo 310 zilikuwa zinapasha nyaya ndani ya ukuta na juu ya dari. Ni kama balbu tano za zamani za wati 60 zilizosambazwa ndani ya bomba, bila mtu kuziona.

Sasa waya huo uliweza kubeba kiasi gani? Kwa majedwali ya Uingereza ya BS 7671, ambayo ndiyo niliyofunzwa nayo, waya mmoja mmoja wenye ganda la PVC ndani ya bomba lililozikwa kwenye ukuta wa tofali hubeba ampea 24 ukiwa wa milimita 2.5, ampea 32 ukiwa wa milimita 4, ampea 41 ukiwa wa milimita 6, na ampea 57 ukiwa wa milimita 10. Namba hizo zina masharti mawili ambayo husahaulika dukani: joto la mahali ulipo waya liwe nyuzi 30, na ndani ya bomba kusiwe na saketi nyingine, yaani nyaya za mzigo mwingine, inayopata moto kwa wakati mmoja. Juu ya dari, chini ya bati la Arusha saa nane mchana, nyuzi 30 ni ndoto. Nilitumia nyuzi 40, ambazo hupunguza uwezo wa waya kwa kuuzidisha na 0.87, na kwa saketi mbili ndani ya bomba moja kipunguzo ni 0.80. Ampea 32 zikipita kwenye vipunguzo vyote viwili zinabaki 22.3.

Lazima nikiri kwamba namba hiyo ya 22.3 ni kali kidogo kwa nyumba hii. Nyaya za soketi za jikoni asubuhi hubeba birika na mara moja moja pasi, na saketi isiyobeba mzigo wa maana haihesabiwi kama jirani mwenye moto. Ukiondoa kipunguzo cha bomba la pamoja unabaki na ampea 27.8. Lakini hata ukiwa mkarimu kupita kiasi, ukasahau bati na ukasahau jikoni, unabaki na 32, na shawa inataka 35.6. Hakuna namna ya kuihesabu saketi ile ikakubali.

Kuna mtu atauliza, kama Mwalimu alivyoniuliza, kwa nini basi waya haukuungua. Jibu liko kwenye kalenda. Waya wa milimita 4 unaobeba ampea 34 ndani ya bomba la ukutani, ukiachwa mpaka joto lake litulie, hupanda kiasi cha nyuzi 46 juu ya joto la mahali ulipo. Asubuhi ya Julai, juu ya dari kukiwa na nyuzi 20, waya ulifika karibu nyuzi 66, na ganda la PVC limetengenezwa kuvumilia 70. Ulikuwa unapita mlangoni kwa upana wa nywele. Shawa ileile ikitumika Januari alasiri, dari ikiwa na nyuzi 50, waya utafika nyuzi 96, na hapo ganda huanza kulainika na kukauka kwa zamu mpaka siku moja linapasuka. Hoja kwamba mtu huoga dakika 10 tu haisaidii sana, kwa sababu waya mwembamba hivi hufikia sehemu kubwa ya joto lake ndani ya dakika chache, na katika nyumba ya watu watano dakika 10 huwa 50.

Swichi ndiyo iliyotangulia kwa sababu yenyewe haikuwa na hata huo upana wa nywele. Joto linalozalishwa kwenye maungio hufuata mraba wa mkondo, kwa hiyo swichi ya ampea 20 iliyobebeshwa 34 ilikuwa inazalisha karibu mara tatu ya joto ambalo mtengenezaji wake alilipangia. Swichi hizi za ampea 20 zenye taa nyekundu zimeenea mno katika nyumba zetu kwa sababu zinafaa kwa hita za tangi za kilowati 2 au 3, na muuzaji akiulizwa "swichi ya hita" huchukua hiyohiyo. Hata shawa ya zamani ya wati 5,500, ambayo kwa volti 230 huvuta ampea 26.1, ilikuwa inaidhulumu, ila kwa kiasi ambacho iliweza kukivumilia kwa miaka.

Sasa tuje kwenye breka, ambayo ndiyo kiini cha kisa hiki. Breka ya ampea 32 haikati mara tu mkondo unapozidi 32. Kwa kiwango ambacho breka za nyumbani hutengenezewa, breka haipaswi kukata ndani ya saa moja ikibeba mara 1.13 ya namba yake, na lazima ikate ndani ya saa hiyo ikibeba mara 1.45. Ampea 34 kwa 32 ni mara 1.07 hivi, kwa hiyo kwenye meza ya maabara, kwa nyuzi 30, isingekata. Ila breka ya Mwalimu haikuwa maabara. Ilikuwa imebanwa kati ya breka nyingine ndani ya boksi lisilo na hewa, na kadiri mtu wa kwanza na wa pili walivyooga, joto lake lenyewe na la majirani lilikusanyika mpaka ikaona imefikishwa mwisho. Mtu wa tatu na sabuni yake hakuwa na mkosi wowote, yeye ndiye aliyeangukia dakika ya kukatwa. Kwa maoni yangu breka hiyo ilikuwa chombo pekee ndani ya nyumba kilichokuwa kinasema kweli, nacho kikafukuzwa kazi kwa kosa la kusema.

Wengi huizungumzia breka kana kwamba ni sehemu ya shawa: shawa kubwa, breka kubwa. Breka ni ya waya. Utaratibu unatakiwa uanze na mkondo wa mzigo, uende kwenye breka ambayo namba yake haipungui mkondo huo, kisha umalizie kwenye waya ambao uwezo wake, baada ya vipunguzo vyote, haupungui namba ya breka. Fundi kijana alifuata nusu ya kwanza ya utaratibu na kuishia hapo. Kwa breka ya 40, saketi ile ingeweza kubeba hadi ampea 45 saa nzima bila breka kulazimika kukata, na uhakika wa kukata ungepatikana kwenye ampea 58 tu, juu ya waya ambao siku yake nzuri kabisa ni 32. Ni kweli kwamba shawa haiwezi kujiongezea mzigo kama soketi inavyoweza, na kwa sababu hiyo kanuni huruhusu katika mazingira fulani mzigo wa aina hiyo ulindwe dhidi ya shoti peke yake. Mimi ruhusa hiyo siitumii kwenye bafu la nyumbani. Inadhani shawa itabaki ileile, na kisa hiki chote kimetokana na mtu aliyekwenda dukani na kurudi na shawa nyingine.

Kabla ya kupanga saketi mpya nilimwomba Mama, mke wa Mwalimu, ndoo ya lita 10. Niliijaza kutoka kwenye kichwa cha shawa, koki ikiwa wazi kabisa na pampu ikifanya kazi, na saa ya simu ikahesabu sekunde 100, yaani lita 6 kwa dakika. Maji ya tangi asubuhi ile yalikuwa nyuzi 17. Kupasha lita 6 za maji kwa dakika kutoka nyuzi 17 hadi 38, ambayo ni maji ya kuoga yanayostahili kuitwa moto, kunataka kilowati 8.8. Shawa ya zamani, ikitoa kilowati 5.7 mwishoni mwa waya ule mwembamba, ingeyafikisha nyuzi 30 na nusu. Shawa mpya, kwa kilowati 7.6 hivi, iliyafikisha 35. Ndiyo maana binti wa Mwalimu aliniambia kwamba ile mpya "ni afadhali, lakini bado". Tatizo la nyumba hii lilikuwa la maji tangu mwanzo. Pampu iliongeza mtiririko, mtiririko ukaondoa moto, na badala ya mtu kupunguza koki, likanunuliwa jiko kubwa zaidi. Koki ikipunguzwa mpaka lita 4 kwa dakika, shawa ya wati 5,500 inayolishwa na waya mzuri huyafikisha maji hayohayo karibu nyuzi 38.

Nilipomweleza Mwalimu hivyo alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kwa hiyo, fundi, nimenunua shawa ili kushindana na pampu yangu mwenyewe." Sikuwa na cha kuongeza.

Hapo palikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kuibakiza shawa ya wati 7,500 na kuijengea saketi yake. Mkondo ni 35.6, breka ni 40, na waya unatakiwa ubebe 40 baada ya kipunguzo cha joto la dari. Kwa bomba lake pekee, waya wa milimita 6 ungebaki na ampea 41 mara 0.87, yaani 35.7. Hapa pana mtego mtamu, kwa kuwa 35.7 ni zaidi ya 35.6 na mtu mwenye haraka angetosheka, lakini ni pungufu ya 40 ya breka, na kwa hiyo breka isingeulinda waya. Ungehitajika wa milimita 10, wenye ampea 49.6 baada ya kipunguzo. Waya wa milimita 6 ungekubalika tu kama njia nzima ingehamishwa mahali penye nyuzi 30, tuseme ukutani bila kupanda juu ya dari, na hata hivyo ungekubalika kwa ampea moja. Njia ya pili ni kurudi kwenye wati 5,500: mkondo 26.1, breka 32, na waya wa milimita 6 unaobaki na 35.7 unatosha bila ubishi. Upotevu wa volti haukuwa kikwazo popote. Mpaka wake ni asilimia 5, yaani volti 11.5, na hata waya wa zamani wa milimita 4 ulikuwa unapoteza volti 9 tu, jambo linaloonyesha kwamba anayepima waya kwa upotevu wa volti peke yake anaweza kupitisha saketi inayoungua.

Tulichagua wati 5,500 na breka ya ampea 32, lakini nilisisitiza waya wa milimita 10, na hapo Mwalimu na mimi tulivutana. Waya wa 10 ni ghali, ni mgumu kukunja, na haupiti kwa raha kwenye bomba la milimita 20, kwa hiyo ilibidi kuvuta bomba jipya la milimita 25. Kwa hesabu kavu, milimita 6 ilitosha, na sikuficha hilo. Hoja yangu ilikuwa kwamba breka inaweza kubadilishwa na mtu yeyote mwenye bisibisi ndani ya dakika tano, lakini waya wa ukutani hubadilishwa mara moja katika miaka ishirini. Mtu atakayekuja baadaye na shawa kubwa na breka ya 40 atakuta waya unaoweza kuibeba. Mama ndiye aliyekata shauri, akasema kwamba ukuta hautapasuliwa mara mbili akiwa hai.

Swichi mpya ni ya DP ya ampea 45, ambayo skrubu zake zinapokea waya wa 10 bila kupunguza nyuzi zake, kosa ambalo nimewahi kulikuta kwa mafundi wanaokata nyuzi chache ili waya uingie kwenye tundu dogo. Nyuma ya shawa, pale nyaya za ukutani zinapokutana na mikia myembamba ya shawa yenyewe, nilitumia konekta ya kauri. Konekta ya plastiki huyeyuka hapo, na tepu peke yake hapo ni moto unaosubiri tarehe. Waya wa ethi, yaani ule unaopeleka ardhini umeme uliovuja, niliuvuta wa ukubwa uleule wa laivu, ambayo ndiyo kanuni rahisi kwa nyaya zisizozidi milimita 16. Kila skrubu niliikaza, nikaiacha shawa ifanye kazi robo saa, nikazima umeme na kuikaza tena, kwa sababu shaba iliyobanwa hulegea kidogo baada ya kupata moto wa kwanza.

Sasa ile RCD. Fundi kijana alisema aliiruka kwa sababu ilikuwa inakata kila shawa inapowashwa, na hilo naliamini. Shawa nyingi za bei nafuu zina elementi, yaani ule waya wa kupasha moto, iliyo uchi ndani ya maji, na maji yenye madini hupitisha umeme kidogo kutoka kwenye elementi hadi kwenye ethi ya shawa. RCD ya miliampea 30, yaani ampea 0.03, inaona mkondo unaotoka hauko sawa na unaorudi, nayo inakata kama ilivyoumbwa kufanya. Ilikata kwa sababu waya wa ethi ulikuwa umeungwa vizuri. Kama ethi ingekuwa imekatika, RCD ingenyamaza mpaka njia nyingine ya kwenda ardhini ipatikane, na ndani ya bafu njia hiyo ni anayeoga.

Umuhimu wake unaonekana zaidi ukipima fimbo ya ethi. Nyumba hii, kama nyingi zetu, inategemea fimbo yake yenyewe iliyopigwa ardhini, nayo nilipoipima ilisoma omu 62. Laivu ikigusa chuma chenye ethi, mkondo utakaokwenda ardhini ni volti 230 kwa omu 62, yaani ampea 3.7. Breka ya 32 wala ya 40 haitauona mkondo huo hata siku nzima ipite, na chuma kitabaki na umeme wa kuua. RCD ya miliampea 30 inahitaji mkondo ambao ni chini ya asilimia 1 ya huo. Katika nyumba ya namna hii breka inalinda waya na RCD inalinda mtu, na hakuna hata kimoja kinachoweza kushika zamu ya mwenzake. Kwa hiyo nilimwomba Mwalimu anunue shawa ya wati 5,500 yenye elementi iliyofunikwa, ile ambayo madukani huuzwa kama ya maji ya chumvi na ambayo watu wa Pwani wenye visima wanaijua vyema. Niliondoa vile vipande viwili vya waya na kuirudisha RCD kazini. Nilipoijaribu kwa kifaa ilikata ndani ya sekunde 0.03, na shawa mpya ilipowashwa haikukata.

Asubuhi iliyofuata nilirudi na ndoo. Koki ilikuwa imewekewa alama ya rangi ya kucha, mchango wa binti, pale inapotoa lita 4. Maji yalisoma nyuzi 37, mita ya kubana ikasoma ampea 26, na baada ya watu wanne kuoga mfululizo uso wa swichi mpya ulikuwa baridi kama ukuta. Kuoga kwa dakika 10 sasa hutumia karibu uniti moja ya LUKU, na Mama alilifahamu hilo kabla yangu kwa kuangalia mita.

Swali lililobaki ni la bafu la pili, ambalo wajukuu wanataka nalo liwekewe shawa ya umeme. Shawa mbili zikiwashwa pamoja ni ampea 52 kwenye swichi kubwa ya ampea 63, na wakati huohuo kuna birika, pasi, friji na pampu yenyewe. Hita za papo kwa papo hazipewi punguzo la matumizi ya zamu, yaani kuhesabiwa kana kwamba haziwashwi zote pamoja, kama soketi, kwa kuwa saa moja kamili asubuhi ndiyo saa ya kila mtu. Nimemwambia Mwalimu achague kati ya swichi ya kubadilisha, inayoruhusu bafu moja tu kwa wakati, na maombi ya njia tatu za umeme kutoka TANESCO. Hadi naandika haya bado hajaamua, na wajukuu wanachota maji ya moto kwa ndoo kutoka bafu la kwanza.